Mzunguko Mwekundu wa Kikapu cha Naomi

Ule mzunguko mwekundu, uliopinda, ni wa nani?

Swali hilo niliulizwa mbele ya watu katika ukumbi wa maonyesho mjini Arusha, nikiwa na shahada mpya, viatu vipya, na jibu la karibu kila jambo. Sikuweza kulijibu. Sasa nimestaafu, na vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi. Bila shaka wanatarajia nianze na vyeo. Vyeo vimo kwenye faili langu, na anayependa kusoma mafaili akaliombe masjala. Mimi naanza na kikapu, kwa sababu kikapu ndicho kilichonifundisha kazi.

Nilifika Arusha katika miaka ya mwisho ya Mwingereza, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho, hata Mwingereza mwenyewe. Nilizaliwa upande wa Muheza, baba yangu akiwa mwalimu wa misheni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kule Kampala, ambako wasichana wa Tanganyika tuliweza kukaa benchi moja na nafasi ikabaki. Huko nilijifunza kuuliza. Niliwauliza maprofesa kwa nini historia yetu inaanza na meli ya mtu mwingine. Nilimuuliza mchungaji kwa nini Hawa alaumiwe peke yake wakati Adamu alikuwa na meno yake mwenyewe. Baba aliposikia nimepata kazi ya serikali alifurahi, akidhani serikali itanichosha.

Kazi yenyewe iliitwa Bibi Maendeleo. Mkuu wangu alikuwa Bi Pell, Mwingereza mrefu asiye na mume, aliyetembea kama mtu aliyesikia maziwa yanafurika jikoni. Siku ya kwanza pale boma alinipa mkoba wa turubai. Ndani mlikuwa na sindano za kufumia, madonge ya nyuzi za sufu nyekundu na za kijivu, mkasi, futikamba, na kitabu chenye michoro ya soksi za watoto wachanga.

"Utawafundisha wanawake wa Akeri kufuma," alisema.

"Kwa nini kufuma?"

"Kwa sababu sufu imefika."

Nilipata kuelewa baadaye kwamba hilo ni jibu kamili la serikali yoyote. Sufu ilitolewa na akina mama wa Uingereza waliowahurumia watoto wa Afrika kwa baridi. Bila kukusudia walikuwa wamepatia, maana juu kule kwenye miteremko ya Meru mwezi wa Julai mtu huona pumzi yake mwenyewe mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa na wiki mbili za kujifunza kufuma kabla ya kwenda kufundisha. Soksi yangu ya kwanza ingemfaa mtoto mwenye kisigino mbele na kingine nyuma.

Kilabu cha wanawake kilikuwa chumba cha ubao karibu na kanisa, katikati ya migomba na kahawa. Niliwakuta wameketi, kanga zimefungwa vizuri, nyuso zimefungwa vizuri zaidi. Niliwaamkia "Shikamooni akina mama," wakanijibu marahaba kwa pamoja kama sala. Nikaona nianze kwa vitendo. Nikatoa futikamba, nikaivuta juu ya meza ili niwaonyeshe jinsi ya kupima kifua cha mtoto.

Mwanamke mmoja aliinuka, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Wa pili akamfuata. Wa tatu alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake wakati mama mmoja mnene, aliyeketi karibu na mlango, aliponiuliza taratibu:

"Unapima nini, mwanangu?"

"Fulana, mama."

"Fulana." Aliwageukia wenzake akasema neno kwa Kimeru, wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu Tanganyika na hakuna hata kimoja kilichonionya. Mlima ule ulikuwa bado na uchungu wa ardhi. Watu walikuwa wamehamishwa kwenye malisho yao ili mashamba yapewe Wazungu, na katika kumbukumbu zao mambo yale yalianza na mtu wa boma akivuta kamba ya kupimia. Sasa nami nimetoka boma, nimevuta kamba.

Mama yule alikuja mezani, akaichukua futikamba, akajizungushia kiunoni. Ncha hazikukutana.

"Haya, nipime mimi," alisema. "Tuone kama serikali itanimaliza."

Safari hii walicheka kweli, na waliotoka wakachungulia dirishani kuona wamekosa nini. Mama huyo ndiye Mama Anaeli, na kama nilikuwa na mwalimu katika kazi hii, ni yeye. Tangu siku ile nilipima kwa uzi wenye mafundo. Vijana, liwekeni hili akilini: kabla hujatoa kifaa mkobani, uliza kimewahi kuwafanya nini watu wa pale.

Wanawake wa Akeri walijifunza kufuma upesi kuliko mimi na walichoka upesi vilevile. Walikaa na sindano zao kwa adabu, kama watu waliopewa uji wa mgonjwa. Aliyesema wazi alikuwa Bibi Ndeshi, mkongwe mwenye meno machache na ulimi mzima, ambaye kwa sababu ya maswali yangu alinibandika jina la Bibi Kwa Nini.

"Kazi hii ya sindano mbili," alisema, "ni ya mtu mwenye mikono ya kupoteza. Kwetu sindano moja inatosha."

"Sindano moja ya kufanya nini, bibi?"

"Ameanza," aliwaambia wenzake.

Nilijibiwa mwezi uliofuata, siku mvua iliponizuia nyumbani kwa Mama Anaeli. Tulikuwa tunakula loshoro jikoni, mahindi na maziwa ya mgando, nami nikainua macho. Juu ya kigingi palikuwa pametundikwa kikapu.

Nimeona vikapu vingi. Nilikulia kwenye ukili na mikeka, na sikuwa mtu wa kushangaa nyuzi. Lakini kile kilinifanya niweke kijiko chini. Kiini chake kilikuwa kamba ya maganda makavu ya mgomba, imezungushwa toka kitakoni kwenda juu, na kila mzunguko umeshonwa kwa uzi wa mkonge kwa sindano nene, ile shazia. Rangi zilikuwa tatu: nyeupe ya mkonge wenyewe, kahawia iliyotokana na magome ya mti, na nyeusi ya tope la kijitoni. Ila hazikupangwa kama mistari ya shati. Nyeusi ilianza nyembamba kitakoni, ikapotea, ikarudi nene ubavuni, kama mtu anayesimulia jambo akanyamaza, kisha akakumbuka lililo muhimu. Na mdomo haukuwa umefungwa. Ncha za nyuzi zilining'inia pande zote.

"Mama, kikapu hiki nani amekisuka?"

"Sisi."

"Nani hasa?"

"Sisi hasa."

Akanieleza, akiwa anakoroga chungu. Mwanamke wa nyumba ile akishika mimba, mama mkwe huanza kitako. Kisha kila mwanamke atakayekuja kumwona mzazi hushona mzunguko mmoja, kwa rangi anayoitaka na kwa namna yake, bila kuambiwa na mtu. Anayefuata hutazama aliyetangulia alifanya nini, akamjibu. Mdomo huachwa wazi mpaka mtoto alie. Akishalia, mama mkwe hufunga mdomo, na chakula cha kwanza cha mzazi hubebwa ndani ya kikapu hicho. Sijui kama Wameru wote walifanya hivyo. Nimeuliza vijiji vingine wakanishangaa. Huenda ulikuwa utaratibu wa nyumba zile chache tu kando ya kijito kile.

"Na mkifunga mapema?"

Bibi Ndeshi, aliyekuwa pembeni akisokota uzi juu ya paja, alijibu yeye. "Utamfungiaje mtu mlango naye yuko njiani?"

Niliwaza kwamba hiyo ni imani tu, na nikawa na hoja zangu tayari. Lakini Naomi alikuwa ameketi pale pale, naye ndiye mwenye kikapu. Alikuwa mke wa Anaeli, mtoto wa Mama Anaeli, msichana wa umri wangu, mkimya, mimba yake ikionekana. Alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla hawajatimiza wiki. Anaeli alikuwa seremala, na majeneza yale madogo aliyatengeneza mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtu mwingine apige randa mbao zile. Hayo niliambiwa baadaye. Pale jikoni niliona tu kwamba Naomi hakukitazama kikapu kabisa, na hoja zangu nikazimeza pamoja na loshoro.

Niliporudi mjini nilimwambia Bi Pell kwamba tumekuwa tukiwafundisha kuimba watu wenye kwaya yao.

Miezi michache mbele yalikuwa yanakuja maonyesho ya kila mwaka. Palikuwa na ukumbi wa sanaa, ambamo mabibi na mabwana wa Kizungu walitundika picha zao za maua na milima, na nje yake palikuwa na meza ya kazi za mikono za wenyeji, kati ya asali na sungura. Nilitaka kikapu kile kiingie ukumbini. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba sanaa ni kitu kisicho na matumizi, na nilikuwa nimeuliza, bila kujibiwa, kama basi mlango wa kanisa wenye nakshi huacha kuwa sanaa mtu anapoufungua.

Bi Pell alisikiliza mpaka mwisho. "Kanuni zinataka kazi iwe na jina la mtu mmoja," alisema, "na iwe imekwisha."

"Jina si la mtu mmoja, na haijaisha."

"Basi unaniomba nini?"

"Uje uione."

Alikuja. Alisimama jikoni kwa Mama Anaeli kichwa chake kikigusa boriti, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana haraka. Tulipofika Tengeru wakati wa kurudi aliniambia, "Kitaingia. Lakini mwamuzi akiuliza, utajibu wewe."

Hapo nikawa nimewaombea wenyewe kitu ambacho hawakukiomba. Palifanyika kikao kilabuni, nacho kilikuwa kikali. Bibi Ndeshi alikataa katakata.

"Kikapu kilicho wazi hakitembezwi sokoni. Macho ya watu wote wale yataingia humo ndani."

"Macho si mvua, bibi," nilisema.

"Wewe umezaa wangapi?"

Nikakaa chini. Wengine waliona ni heshima kwa Akeri, wengine waliona ni kujitafutia. Mama Anaeli hakuchukua upande wowote. Alisema mwenye kikapu yupo. Wote tukamgeukia Naomi. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Wale wawili niliwaficha," alisema. "Sikutaka mtu ajue mpaka tumbo likajisema lenyewe. Sikwenda sokoni, sikwenda kwenye arusi. Nilikaa ndani kama mwizi. Ikanisaidia nini? Huyu aende akaonwe na watu. Lakini mdomo usiguswe."

Hakuna aliyebisha tena. Bibi Ndeshi alisema tu kwamba kama ni hivyo, yeye anakwenda mjini pamoja na kikapu, na atakayekitazama vibaya atamtazama yeye kwanza.

Nilijiandaa kwa maswali ya mwamuzi kama nilivyojiandaa kwa mitihani. Nilikaa na kikapu mapajani nikamuuliza kila mwanamke mzunguko wake ni upi, na kwa nini aliushona hivyo. Walinionyesha bila kusita. Huyu aliweka nyeusi kwa sababu jirani yake aliweka nyeupe na walikuwa hawasemezani. Yule alibana mishono kwa sababu aliposhona alikuwa na wasiwasi. Mama Anaeli alirudia rangi ya kitako katikati ya ubavu, "ili asisahau alikotoka." Bibi Ndeshi alisema wake ni ule mzuri kuliko yote, na kwa kweli ulikuwa.

Lakini kulikuwa na mzunguko mmoja, karibu na mdomo, ambao siku ile ya mvua haukuwapo. Uzi wake ulikuwa sufu nyekundu, sufu yangu, ya serikali. Nilikuwa nimeona donge moja limepungua katika kabati la kilabu nikadhani limeliwa na panya. Ulikuwa umepinda, mishono mingine mirefu na mingine mifupi, na yote imelalia upande usio wa mishono mingine.

"Na huu ni wa nani?"

Walitazamana. Mmoja akaanza kucheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Kicheko kikazunguka chumba.

"Umeota wenyewe," alisema Bibi Ndeshi. "Kama uyoga."

"Ni wa Naomi?"

"Mwenye mimba hashoni."

"Basi ni wa mtoto anayejifunza."

"Anajifunza, hilo ni kweli," alisema Mama Anaeli, na wakaanza kucheka upya. Niliuliza kila mwanamke aliyeingia katika chumba kile. Anaeli mwenyewe alikuwa pale siku hiyo, akipimia kikapu stendi ya mbao, kidole gumba cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa. Bibi Ndeshi akamtania:

"Na wewe, ile homa yako ya Jumapili iliyokukosesha kanisa imepona?"

"Imepona, bibi."

"Homa mbaya ile. Inapiga hadi kwenye kidole."

"Ni nyundo, bibi," alisema Anaeli, akaendelea na kazi, nyundo ikiwa mkono wa kushoto. Mimi nikarudi kwa wanawake na swali langu.

Siku ya maonyesho tulishuka kwa lori la kahawa, kikapu kikiwa mapajani kwa Mama Anaeli, kimefunikwa kanga. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa kila upande: Wameru wa mlimani, Waarusha waliotoka Ngaramtoni na mashuka yao, Wahindi na familia zao, Wazungu na mbwa wao. Ukumbini Anaeli aliweka stendi yake kati ya picha mbili. Moja ilikuwa ya waridi. Nyingine ilikuwa Mlima Meru wenye theluji nyingi kuliko ninayoifahamu mimi.

Mwamuzi alikuwa mzee wa Kizungu mwenye shamba la kahawa, aliyechora siku za mvua. Alisema Kiswahili cha shambani, ambacho hakina adabu kwa sababu alijifunza kwa watu aliokuwa akiwaamuru.

"Hii kwisha?"

"Haijaisha, bwana. Mtoto hajazaliwa."

Alinitazama, akatazama kikapu, akamtazama Naomi aliyesimama nyuma yangu. Nikamweleza yote, ya mizunguko na ya mdomo. Kwa haki yake nitasema kwamba alisikiliza. Alivaa miwani, akainama, akafuata rangi kwa kidole bila kugusa, toka kitakoni hadi juu. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa haribika. Hii nyekundu. Nani shona hii?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu ya mizunguko yote isipokuwa huo. Nyuma yangu nilimsikia Bibi Ndeshi akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

"Sijui," nilisema. Katika lugha yoyote niliyokuwa nayo, sikuwa nimelizoea neno hilo.

Wakati huo huo binti mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipanga maua ukumbini, mtu mwema aliyetaka kusaidia, aliona zile ncha zinazoning'inia akaona ni uchafu. Alikuja na mkasi. Nilimwona nikiwa nimechelewa. Tayari alikuwa amekusanya ncha kadhaa kiganjani na kufungua mkasi. Naomi alitoa sauti ndogo, si kilio, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Mkono wa Anaeli ulitangulia wa kila mtu. Aliushika mkasi upande wa makali, bila nguvu, akautoa mkononi mwa yule binti, akautia mfukoni mwake.

"Bado," alisema. "Hajafika."

Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama. Mwafrika alikuwa amemnyang'anya binti wa Kizungu mkasi, na miaka ile hilo lilitosha kumpeleka mtu polisi. Damu ilikuwa ikimtoka kiganjani. Bi Pell alivuka ukumbi kwa mwendo wake ule, akasimama kati ya Anaeli na watu.

"Kosa ni langu," alimwambia yule binti. "Kadi ilipaswa kueleza." Akachukua kadi iliyokuwa mbele ya kikapu, akageuza upande wa nyuma, akaandika kwa Kiswahili kwa herufi kubwa: KIKAPU. WANAWAKE WA AKERI. KAZI INAENDELEA. Kisha akampa Anaeli leso yake, bila kumtazama, kama mtu anayempa mwenzake chumvi mezani.

Hatukushinda. Ilishinda ile theluji. Lakini mchana waliingia wanawake. Kwanza wachache, Waarusha kutoka sokoni Ngaramtoni, vichwa vimenyolewa na shanga shingoni, watu ambao ukumbi ule haukuwahi kuwaona kwa sababu hakuna aliyewazia kwamba watataka kuingia. Walipita picha zote bila kusimama wakakizunguka kikapu. Walibishana kwa Kimaasai, wakionyesha vidole: huu umejibu ule, huyu alikuwa amekasirika, huyu ana mkono mwepesi. Walikuwa wanakisoma, na mimi niliyehitaji kuelezwa kila mzunguko nilisimama nikisikiliza tafsiri ya Mama Anaeli, aliyejua lugha yao. Walipofika kwenye ule mwekundu mmoja akasema neno, wakacheka wote.

"Amesemaje, mama?"

"Amesema huyu hajui kushona, ila anataka sana."

Mwanamke huyo alimuuliza Naomi kama amekwisha kujifungua. Alipoambiwa bado, alichomoa ushanga mmoja wa buluu kwenye mkufu wake, akauliza kwa macho. Naomi akatikisa kichwa kukubali. Akaufunga kwenye ncha moja ya uzi iliyokuwa ikining'inia. Na mwenzake naye akafunga wake. Mlangoni palikuwa na kibao cha kukataza watu kugusa vitu vya maonyesho. Bi Pell alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Aligeuka akaitazama ile picha ya theluji kwa makini makubwa, muda mrefu, mpaka walipomaliza. Bibi Ndeshi, aliyekuja kupambana na macho ya watu, aliketi juu ya kiti cha mwamuzi akiwaonyesha watu mzunguko wake.

Naomi alijifungua mtoto wa kike wakati kahawa inachumwa. Nilipanda mlima wiki ilipopita, wiki ambayo wale wawili hawakuifikia, na nilipokaribia nilisikia sauti ya randa. Anaeli alikuwa uani, ameinamia mbao fupi, nami sikuwa na ujasiri wa kuuliza, mimi Bibi Kwa Nini.

"Pita ndani," alisema. "Hii ni stuli ya mama yake, aikalie akinyonyesha."

Mdomo wa kikapu ulikuwa umefungwa, shanga za Ngaramtoni zimeshonwa ukingoni. Mama Anaeli alikitoa kigingini mbele yangu, akatia bakuli la mtori wa ndizi ndani, akampelekea Naomi kitandani. Mtoto aliitwa Elifuraha. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua kwa nini amesumbuliwa.

"Leo huna swali?" Bibi Ndeshi aliniuliza.

"Ninalo. Ule mwekundu ni wa nani?"

Wakacheka, nikacheka nao. Randa kule nje ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Sufu iliyobaki tuliirudisha boma. Bi Pell aliandika kwamba kilabu cha Akeri kimeacha kufuma na sasa kinafundisha, na mwaka uliofuata alinipeleka na Mama Anaeli vilabu vya mbali, mama akiwa mwalimu na mimi mbeba mkoba. Uhuru ulipokuja Bi Pell alirudi kwao, nami nikahamishwa huku na huku, kama mnavyojua. Shazia aliyonipa Mama Anaeli ninayo. Imepinda kidogo, na mimi pia.

Mwaka huu, nilipokabidhi ofisi, nilikwenda Lemara kumwona Elifuraha, ambaye ni muuguzi na ana watoto wanaosoma shule. Wazazi wake wamekwisha kufariki wote wawili. Baba yake alikufa akiwa mzee wa kanisa, mtu mkali aliyeogopwa na vijana wote wa kipaimara. Kikapu kilikuwa jikoni, kimejaa mayai. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, kama aliwahi kusikia ule mzunguko mwekundu ni wa nani. Alishangaa kwamba sijui. Jumapili moja kabla hajazaliwa, alisema, baba yake alidai ana homa, akangoja watu wote waende kanisani, akakitoa kikapu kigingini, akaushona mzunguko ule peke yake kwa ule mkono wake wa kushoto, kwa sufu aliyoichukua alipokuwa akitengeneza mlango wa kabati la kilabu.